Bwawa la Mimea Yote

Machi 4

Nimefika pamoja na mvua. Chumba alichonipa mama mkwe kinanuka vidonge vya nondo, na ukutani kuna mbu waliopigwa kofi wakaachwa hapo hapo, damu na mabawa. Amenikaribisha kwa moyo, siwezi kumsingizia, ila kila baada ya sentensi mbili anatema ugoro kwenye kopo, na kopo lenyewe hukaa juu ya meza ya chakula, karibu na chumvi.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshibia wapi, na sahani bado inatoa moshi?"

Nikala huku natazama dari. Nitakaa hapa mpaka mvua ziishe, kwa sababu kazi iko nyuma ya nyumba yake na ofisi haina mpango wa kunilipia chumba kingine.

Machi 5

Niandike kazi yenyewe, nisije nikasahau niliikubali kwa nini. Kampuni moja inataka kujenga maegesho ya malori. Ina viwanja viwili vya kuchagua: malisho yaliyo juu ya mteremko, au mashimo ya zamani ya matofali yaliyo chini. Halmashauri imeipa sharti moja, ijenge pale penye mimea ya aina chache, na penye aina nyingi paachwe. Sisi ndio wa kuhesabu.

Mkuu wangu tunamwita Bwana Wastani akiwa hayupo, kwa kuwa hakuna kitu asichokijumlisha na kukigawanya. Ukimuuliza hali ya mkewe anakwambia kwa wastani ni nzuri. Ameniahidi kwamba nikimaliza hii salama nitakuwa msimamizi, sitakuwa tena mtu wa kutumbukizwa matopeni.

Machi 6

Mvua. Hakuna kazi. Nimesikiliza kopo kutwa.

Machi 8

Sijawahi kuchukia ardhi namna hii. Mashimo yalichimbwa na marehemu baba mkwe na ndugu zake, wakitafuta udongo wa matofali, na wakayaacha. Sasa yamejaa maji, moja baada ya jingine, na kati yake kuna kingo nyembamba ambazo ukikanyaga vibaya unajikuta kiunoni. Kuna chupa, kuna soli za viatu, kuna kitu kilichovimba nilichodhani ni mfuko wa saruji. Kilikuwa mbwa. Nilikaa ukingoni nikatapika chai yote, na vyura hawakunyamaza hata kidogo kwa heshima.

Tunafanya hivi: tuna fremu ya mabomba, mita moja kila upande. Unailaza, unahesabu kila aina ya mmea iliyomo ndani, unasema kwa sauti, unainua, unasogea. Mimi naingia. Bwana Wastani anasimama ukingoni na mwavuli wake, soksi zake nyeupe, anaandika.

Fremu ya kwanza ilikuwa na yungiyungi, ndago, na majani mengine mawili membamba.

"Ngapi?"

"Nne."

"Nne tu!" Alifurahi kama aliyeletewa posho. "Haya, toka huko, utapata homa."

Nilitoka na ruba kwenye ugoko. Alipomwona alirudi nyuma hatua kadhaa, akaniambia nimtoe nikiwa nimempa mgongo.

Machi 9

Ruba wengine. Mama mkwe amenikataza kupita sebuleni. Anasema alimwozea mwanawe msomi, hakujua kumbe amemwozea chura.

Machi 12

Leo malisho ya juu. Raha tupu. Pakavu, pana upepo, maua ya njano kila mahali, na fremu ya kwanza tu ikatoa aina kumi na tatu. Ya pili kumi na tatu. Bwana Wastani akavua viatu akatembea peku, akasema hapa ndipo Mungu alipokuwa na nafasi. Nami nilipapenda, sikatai. Tukala mayai ya kuchemsha, tukacheka.

"Kazi imekwisha hii," akasema. "Juu kumi na tatu, chini nne. Wafukie chini, wajenge."

"Tumefanya mashimo machache tu, mkuu."

"Na hayo mengine yatakuwa na nini, dhahabu?"

Nilicheka naye. Nilitaka iwe hivyo. Nilitaka kwenda nyumbani kwangu nikaoge kwa maji yasiyo na viluwiluwi.

Machi 17

Nimekaa sana juu ya hili, na linaniudhi.

Nimeendelea na mashimo kwa sababu utaratibu unadai yote. Kila shimo ni nne, au tano, au tatu. Jioni nilipokuwa nasugua miguu ndipo likanijia: nne za shimo la kwanza si nne za shimo la pili. La kwanza lina yungiyungi. La pili halina hata moja, ni matete na wenzake. La tatu lina majani mapana yenye harufu kama ya sabuni, ambayo sijayaona penginepo. Na huko juu, ukilaza fremu popote, ni kumi na tatu zile zile, kama nyumba za mtaa mmoja zilizonunua sufuria zote kwa mchuuzi mmoja.

Nimejumlisha. Malisho yote, mwanzo mpaka mwisho, yana aina kumi na tano. Mashimo yote kwa pamoja, haya haya yanayonuka, yana ishirini na saba.

Nimerudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Machi 19

Nimemwendea Bwana Wastani kwenye chumba alichokodi kiwe ofisi. Alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya kadi ya harusi ya mtu. Nikamweleza taratibu: ukitazama mita moja, mashimo ni maskini. Ukirudi nyuma ukayatazama yote, ndiyo tajiri kuliko malisho. Jibu linategemea umesimama wapi.

"Wastani wa chini ni ngapi?"

"Nne, lakini..."

"Wastani wa juu?"

"Kumi na tatu, mkuu, ila ni zile zile..."

"Basi." Akatazama alichokitoa kwenye jino, akakirudisha mdomoni. "Wewe unanipa hadithi, mimi nataka namba. Nani atasoma hayo maelezo yote?"

Sikuwahi kumtazama mdomo kwa karibu vile. Leo chakula kimenishinda, na safari hii si kwa sababu ya kopo.

Machi 23

Mvua ya mawe. Mama mkwe kafurahi, anasema itaua mbu. Haikuua hata mmoja.

Machi 26

Nilimuuliza mama mkwe mashimo yalichimbwa lini. Hakumbuki miaka, anakumbuka mambo yake mwenyewe.

"Hilo la mwisho ni mwaka niliomzaa mumeo. Lile la katikati walichimba baada ya msiba wa babu yake. Haya mengine sijui, walikuwa wanachimba tu kama fuko."

"Na mimea je, mama?"

"Mimea gani? Mie nimeona uchafu tu. Yafukiweni hata kesho, nilale."

Sawa. Ila hiyo inanitosha. Kila shimo lilikuwa udongo mtupu kwa wakati wake, na kila moja likapokea kilichotangulia: mbegu kwenye miguu ya bata, kipande cha mzizi kilichobebwa na mafuriko, chochote. Aliyetangulia akashika nafasi, akawachagua majirani. Penye matete mwanga haufiki majini, yungiyungi haliwezi kuanza. Lilipotangulia yungiyungi, matete yakakosa pa kushika. Ukingo wa hatua mbili unatosha kuzitenga dunia mbili. Nilikuwa nazikanyaga kila siku nikiwaza ruba.

Aprili 2

Shimo la kando ya mti mkavu lina kimea kidogo kisicho na mizizi, kinaelea, kina vifuko vidogo kama vya mayai ya samaki. Nilikitia kwenye glasi. Kiluwiluwi cha mbu kilipita karibu, kifuko kikafunguka, kikamvuta ndani, mkia ukabaki nje unatikisika. Nilisisimka mwili mzima. Nimekitazama mpaka chai ikapoa. Mama mkwe naye akaja akatazama, akatema, akasema hicho kimoja angalau kinafanya kazi.

Aprili 6

Nimepanda juu ya tangi la maji, lile la kando ya barabara. Malisho ya juu hayaishii pale tulipoyapimia. Yanaendelea, majani yale yale, maua yale yale ya njano, mpaka macho yanachoka. Ukijenga maegesho pale umechukua kiraka cha nguo ndefu. Mashimo yako hapa tu. Ninayaona yote kwa mpigo kutoka juu, kila moja na rangi yake ya kijani, na harufu inanifikia hata huku.

Aprili 15

Kikao. Nitaandika chote, hata kama mkono unauma.

Tulikuwa wanne mezani: afisa wa ardhi wa halmashauri, mkandarasi wa kampuni, Bwana Wastani, na mimi. Mkandarasi ana tabia ya kukohoa bila kuziba mdomo, kisha anatafuta kwa macho ilipoangukia. Bwana Wastani alisoma ripoti yake: nne, kumi na tatu, ahsanteni. Nilikuwa nimejiapiza. Nikainua mkono, nikaeleza kila kitu, mpaka tangi la maji.

Afisa alinielewa. Sikutegemea, lakini alinielewa mara moja. Alivua miwani akasema, "Kwa hiyo tukijenga juu, hatupotezi hata aina moja, maana zote ziko kwingine. Tukijenga chini, tunapoteza zote ishirini na saba."

"Ndiyo, afisa."

Mkandarasi alisahau hata kukohoa. Kule chini ni karibu na lami, juu ingebidi wachonge barabara yao. Nilidhani nimeshinda.

Ndipo Bwana Wastani akatabasamu. "Hakuna haja ya kugombana," akasema. "Tuchimbe bwawa moja zuri pale getini, liwe na vigae pembeni. Tuhamishie humo aina zote ishirini na saba. Mashimo yafukiwe, namba ibaki ile ile. Nani amepoteza?"

Nikasema mimea hiyo ipo kwa sababu imetengana. Ukiitia mahali pamoja mmoja utaimeza mingine.

"Kwani itapigana ngumi?" akauliza mkandarasi, na wote wakacheka, na Bwana Wastani akanitazama kwa upole mwingi. "Bwawa litahitaji msimamizi. Nimempendekeza yeye. Nani anaijua mimea hiyo kumshinda?"

Afisa hakucheka. Alinigeukia mimi tu. "Dada, wewe ndiye mtaalamu. Ukiniambia haitafaa, narudisha faili leo hii, wakajenge juu. Unasemaje?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni tayari. Nilimwona Bwana Wastani anafungua kalamu ya kuandika jina langu, nikafikiria soksi nyeupe na mwavuli, na mtu mwingine ndani ya maji badala yangu.

"Tunaweza kujaribu," nikasema.

Afisa akavaa miwani yake, akasaini.

Aprili 16

Mume wangu amepiga simu kunipongeza. Nimemwambia mtandao mbaya, nikakata.

Aprili 23

Bwawa limekamilika haraka kuliko choo chochote nilichowahi kuona kikijengwa. Vigae vya buluu. Tumehamisha siku nzima, ndoo kwa ndoo.

Nililiacha shimo la mwisho, lile linalopokea mtaro wa machinjio. Lina kimea kinachoelea, majani madogo kama punje za dengu, tunakiita utando. Kinazaana kwa kujigawa. Ndani ya shimo lake kimefunika kila kitu, na kingo zake ndizo zinazokizuia kutoka. Nikamwambia Bwana Wastani hiki tukiache.

"Ripoti inasema ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na bila hiki?"

"Ishirini na sita."

"Nikiulizwa ya ishirini na saba iko wapi, niseme msimamizi aliibagua?"

Akasubiri. Nikachota utando kwa mikono yangu, ukaning'inia vidoleni kama makamasi, nikautia bwawani. Bwana Wastani akaweka alama ya vema.

Aprili 27

Malori yamefukia mashimo. Nilidhani ningelia. Sikulia, nilisimama nikahesabu malori. Matete yalilala chini ya kifusi yakanyanyuka kidogo, kifusi kingine kikaja.

Mama mkwe alitoa kiti nje akaangalia kama sinema.

"Si ulisema hutaki yafukiwe?" akaniuliza.

"Nimepewa usimamizi, mama."

"Aa." Akatema. "Mie nilitaka yafukiwe tangu ulipokuja, na nilikwambia wazi. Wewe ulitakaje?"

Nimeishi naye muda huu wote nikimwona yeye ndiye kinyaa cha nyumba hii. Katika watu wote nilioshughulika nao mvua hizi, ni yeye peke yake aliyesema kile kile mezani na uani. Nimelisafisha kopo lake leo. Lilikuwa na ute hadi nusu, na sikutapika.

Mei 5

Bwawa linapendeza. Kila kitu kimesimama. Labda nilikosea.

Mei 9

Utando umefika katikati.

Mei 10

Nimeuopoa wote kwa chekeche la mchanga. Nimejaza toroli.

Mei 12

Umerudi.

Mei 19

Naamka, naopoa, nalala, naamka. Ukibakiza jani moja tu chini ya kigae, baada ya siku chache ni bwawa zima. Yungiyungi limeoza kuanzia shina, linanuka kama samaki aliyesahauliwa kabatini. Kimea changu cha vifuko sijakiona tangu wiki iliyopita, na mbu sasa wako juu ya bwawa kama moshi. Majani yenye harufu ya sabuni yamegeuka uji. Matete yamebaki mawili, ya njano.

Nimemwambia Bwana Wastani. Amekuja, akatazama kwa mbali na leso puani. "Lakini ni kijani," akasema. "Kijani kabisa! Wiki tatu zijazo mgeni rasmi anakuja kuweka jiwe la msingi. Usiuguse tena, usije ukaharibu."

Mei 28

Nilirudi kwenye mashimo kutafuta hata mzizi mmoja wa kuanzia upya. Ni changarawe, imeshindiliwa. Nilichimba kwa jembe mpaka mpini ukapasuka. Nilipata soli ya kiatu.

Juni 3

Mvua zimekwisha. Matete yamekufa.

Juni 11

Leo ndiyo leo. Turubai, viti vya plastiki, spika zinazokoroma. Wamesimika getini kibao kikubwa: BWAWA LA MIMEA YOTE, AINA 27. Alfajiri nilijaribu mara ya mwisho, nikatumbukiza mikono mpaka kwapani nikitafuta chini kama kuna chochote kilichobaki. Nilipata matope meusi na yungiyungi lililooza. Nilikuwa bado nimepiga magoti pale walipofika, mapema kuliko ratiba.

Mgeni rasmi ana suti ya rangi ya maziwa. Alisimama kwenye vigae, akasoma kibao, akatazama maji, ambayo hayakuonekana chini ya utando.

"Ni aina ngapi hizi?" akaniuliza.

"Moja, mheshimiwa."

"Hapa pameandikwa ishirini na saba."

"Kwa wastani, mheshimiwa," akadakia Bwana Wastani, na watu wakacheka, na mgeni rasmi akacheka kuliko wote.

"Inapendeza," akasema. "Safi. Napenda kitu kinachofanana mwanzo mpaka mwisho. Nimeambiwa ng'ambo ya mto, wilaya jirani, kuna mashimo mengine kama yale, nayo yanangoja mradi. Tutayawekea bwawa kama hili. Msimamizi ni nani?"

Vidole vyote vikanielekea. Akanyoosha mkono wa kunipongeza, mweupe kwa ndani, unanukia manukato. Nikasimama. Sikuufuta wangu. Nikaushika wake kwa mikono miwili, kama mtu mwenye adabu, nikaukamua vizuri, mpaka ule uozo wa chini ya bwawa ukampanda kwenye mkono wa shati.

"Hii nini?" Alishikwa na kichefuchefu mbele ya kamera. Nilikiona kinapanda shingoni mwake.

"Ni zile ishirini na sita nyingine, mheshimiwa. Niliulizwa kama itafaa, nikasema tujaribu. Nilijua haitafaa. Ng'ambo msifanye."

Bwana Wastani alikuwa ameshika mwavuli wake bila kuufungua. Mgeni rasmi alipewa leso, akapewa ya pili, akapewa maji ya chupa akanawa hapo hapo kwenye vigae. Alijifuta kidole kimoja kimoja, hakukasirika hata kidogo. Kisha akamwambia msaidizi wake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwa lile la ng'ambo, tafuteni msimamizi mwingine."